Kabla kisu hakijagusa mfupa wa mtoto

Swali: "Binti yangu ana miaka 12. Kwa miezi miwili amekuwa akilalamika maumivu juu kidogo ya goti la kushoto. Yalianza siku chache baada ya kuanguka akicheza. Mwanzoni tuliambiwa ni maumivu ya kukua, akapewa dawa za kutuliza, nami nikawa namchua mguu kila jioni. Sasa pamevimba, anachechemea, na usiku anaamka analia. Eksirei imeonyesha mfupa wa paja umeharibika upande wa chini na kuna 'mfupa mpya' umejitokeza pembeni. Daktari mmoja yuko tayari kumfungua Alhamisi hii, auondoe uvimbe wote na kuupeleka maabara. Mwingine anasema tusubiri MRI, ile picha ya kina ya sumaku, na rufaa, ambavyo vitachukua wiki mbili. Ndugu wanasema uvimbe wa namna hii ukiguswa na kisu unasambaa. Je, ni saratani? Tukisubiri tutampoteza? Mguu utakatwa? Mimi kama mama silali."

Pole sana, mama. Naanza na Alhamisi, maana ndiyo iliyo karibu: usikubali afunguliwe siku hiyo. Huyo daktari huenda ana nia njema kabisa, na mambo haya si kwamba hayana haraka. Yana haraka, ila ni haraka ya kumfikisha mtoto mahali ambapo uvimbe wa mifupa ndiyo kazi yao ya kila siku. Kisu cha kwanza kikipita pabaya, kinaweza kuharibu nafasi ya kuuokoa mguu, na kosa hilo halirekebishiki kwa urahisi.

Sasa tuiangalie hiyo eksirei. Mfupa mrefu wa mtoto haurefuki katikati. Unarefuka karibu na ncha zake, kwenye tabaka jembamba la gegedu liitwalo bamba la ukuaji. Hapo seli zinagawanyika kwa kasi, na kasi hupanda zaidi mtoto anapoingia balehe. Inadhaniwa kwamba ndiyo sababu osteosakoma, saratani ya mfupa inayoongoza kwa watoto, huja hasa katika umri huu na hupenda kulizunguka goti: kwanza ncha ya chini ya mfupa wa paja, kisha ncha ya juu ya muundi, halafu mfupa wa mkono karibu na bega. Ule "mfupa mpya" ni kazi ya utando unaoufunika mfupa. Kitu kikitoka ndani kikausukuma, utando hujibu kwa kujenga. Ukisukumwa taratibu hujenga ukuta mzima, lakini ukisukumwa kwa kasi hauwahi kumaliza, na picha hubaki na pembetatu ukingoni au miale kama ya jua linapochomoza.

Kwa hiyo, je, ni saratani? Umri, mahali, maumivu ya usiku na hiyo picha vinanifanya niseme: achukuliwe kuwa nayo mpaka ithibitike vinginevyo. Lakini eksirei peke yake haithibitishi. Usaha ndani ya mfupa unaweza kuinua utando vilevile. Sakoma ya Ewing, iliyo adimu zaidi na hupenda nyonga, mbavu na sehemu ya kati ya mifupa mirefu, huweza kuleta homa na kupandisha vipimo vya damu hadi ikadhaniwa ni maambukizi, mtoto akamezeshwa antibiotiki kwa wiki kadhaa. Pia uko uvimbe wa mfupa usio saratani, na kwa watoto huo ndio mwingi kuliko saratani. Kwa kawaida ukingo wake huonekana wazi kana kwamba umechorwa kwa kalamu, na mwingine hugunduliwa kwa bahati tu mtoto alipopigwa picha kwa jambo jingine. Ukingo wa uvimbe wa binti yako, kwa ulivyoueleza, hausomeki hivyo.

Kuhusu kuanguka: hakukusababisha uvimbe huu. Watoto huanguka kila siku, na mfupa ulioanza kuumwa huuma zaidi ukigongwa, ndipo watu wanapogundua. Wala kuchua kwako hakukuleta saratani. Ila acha leo. Kukanda na kubonyeza uvimbe kunaongeza maumivu, kunaweza kuvilisha damu ndani ya nyama, na mfupa uliolika unaweza kuvunjika. Na lile jina la "maumivu ya kukua" lina masharti yake: huja miguu yote miwili, jioni au usiku, asubuhi mtoto anakimbia kama kawaida, hachechemei, na hakuna mahali pamoja anapoweza kupaonyesha kwa kidole. Maumivu ya upande mmoja, yanayorudi palepale kwa wiki kadhaa, yanastahili eksirei hata kama mtoto anaonekana mzima. Hukujua, na huenda hata waliokuhudumia hawajawahi kukutana nayo: osteosakoma huwapata watoto na vijana watano hivi, au pungufu, katika kila milioni moja kwa mwaka. Daktari anaweza kufanya kazi maisha yake yote akaona mmoja au wawili.

Nije kwenye lile la ndugu, kwamba saratani ikiguswa na kisu inasambaa. Kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa maabara, kikichukuliwa kwa utaratibu mzuri hakiugeuzi uvimbe uliotulia kuwa unaosafiri, na hewa ikiingia haiuamshi. Bila kinyama hakuna tiba, kwa kuwa hakuna daktari atakayempa mtoto dawa nzito kwa kukisia. Lakini ndugu zako wamegusa ukweli fulani bila kuujua: kipimo kilichofanywa vibaya humwaga seli pale kisu kilipopita. Popote sindano au kisu kinapopenya kuufikia uvimbe, njia hiyo inahesabika kuwa imechafuka, na siku ya upasuaji mkubwa itabidi ikatwe na kutoka pamoja na uvimbe. Ikiwa njia hiyo imepita kwenye misuli mitatu, au imeingia ndani ya kiungo cha goti, vyote hivyo vitalazimika kuondolewa. Hapo ndipo mguu uliokuwa wa kuokolewa unakuwa wa kukatwa. Daktari Mmarekani Henry Mankin na wenzake walilichunguza jambo hili mara mbili, matokeo yakachapishwa mwaka 1982 na 1996, na mara zote mbili jibu lilikuwa lilelile: makosa na madhara huwa mengi zaidi kipimo kinapofanywa hospitali inayotoa rufaa kuliko kinapofanywa kituo kitakachotibu. Katika uchunguzi wa pili tofauti ilikuwa mara 2 hadi 12.

Ndiyo maana MRI hutangulia. Ukishachoma sindano, damu na uvimbe wa kidonda huichafua picha, na mpaka halisi wa ugonjwa haujulikani tena. Hakikisheni MRI inaonyesha mfupa wote wa paja, kutoka nyonga hadi goti, wala si goti peke yake, kwani osteosakoma wakati mwingine huacha kisiwa kidogo juu zaidi ndani ya mfupa uleule, kimetenganishwa na uvimbe mkubwa kwa uboho mzima. Kisiwa hicho kikikosekana pichani, hubaki ndani ya mtoto.

Kisha mpasuaji yule atakayeuondoa uvimbe ndiye anayechagua sindano ipite wapi, hata kama atakayeichoma ni daktari wa picha. Siku hizi mara nyingi hutumika sindano nene, mtoto akiwa nusu kaputi, na vinavutwa vipande kadhaa kutoka sehemu laini ya pembeni iliyo hai. Katikati huwa na tishu zilizokufa ambazo hazimwambii mtu kitu. Ikilazimu kutumia kisu, mkato uwe mfupi na uende kwa urefu wa mguu, kamwe usiwe wa kukingama. Upite ndani ya msuli mmoja badala ya kupenya katikati ya misuli miwili, damu izuiwe kabisa kabla ya kushona, na kama kuna mrija wa kutoa damu, utokee kwenye mstari uleule karibu na kidonda. Ukisikia "tutakwangua uvimbe wote halafu tupeleke maabara", ujue ni kinyume cha haya yote. Saratani ya mfupa haikwanguliwi. Inatolewa nzima, ikiwa bado imezungukwa na nyama yenye afya ambayo haijaguswa, mithili ya kung'oa mche pamoja na udongo wake.

Vipande vikitoka, kimoja kiende kuoteshwa vijidudu, hata kama kila mtu ana hakika ni saratani. Vingine viende kwa mwanapatholojia, daktari anayesoma tishu kwa hadubini, naye apewe eksirei na MRI, maana kusoma mfupa kwa hadubini bila kuona picha kumewapoteza hata wenye uzoefu. Jambo dogo linalosahaulika: mfupa hulainishwa kwa asidi ili ukatike, na asidi kali huharibu vinasaba. Kama Ewing inawezekana, sehemu ya kinyama isipite kwenye asidi, ili iweze kutafutwa ile hitilafu ya jeni iitwayo EWSR1 inayoitambulisha. Majibu ya mfupa huchukua wiki moja au mbili kwa sababu ya huko kulainisha. Si uzembe wa maabara.

Wakati huohuo afanyiwe CT ya kifua, eksirei ya kompyuta inayoonyesha mwili tabaka kwa tabaka, kwani mapafu ndiyo mahali pa kwanza osteosakoma hukimbilia, pamoja na skani ya mifupa yote au PET, picha ya mwili mzima inayoonyesha seli zinazofanya kazi kwa kasi, na damu ya kupima ALP na LDH, vimeng'enya vinavyoweza kupanda katika saratani hii. Wiki mbili zikitumika kufanya haya, hujachelewa; hata vituo vikubwa hutumia muda wa namna hiyo kati ya kumpokea mtoto na kumwanzishia dawa. Ila zisigeuke sita. Kama tarehe ya MRI inasogezwa mara ya pili, piga simu, nenda dirishani, ulizia kituo kingine.

Tuseme majibu yametoka ni osteosakoma. Utashangaa kuambiwa haondolewi uvimbe kwanza, bali anaanzishiwa tibakemia, yaani dawa za kuua seli za saratani, kwa wiki kama 10. Wazazi wengi hukasirika hapo: kwa nini tuuache mwilini? Sababu iko kwenye historia. Kabla ya miaka ya 1970 watoto hawa walikatwa mguu mara tu walipogunduliwa, mapafu yakiwa safi kwenye eksirei, na bado zaidi ya 8 kati ya 10 walifariki, wengi wao kwa uvimbe uliokuja kuota mapafuni. Maana yake, seli zilikuwa zimeshasafiri siku nyingi, ndogo mno kuonekana. Kinachoua ni hizo zilizosafiri, na dawa pekee ndiyo inayozifuata kokote ziliko. Upasuaji unashughulikia mguu. Tibakemia inashughulikia mwili mzima. Kimoja bila kingine hakitoshi, na hili nalisema kwa uzito wote.

Dawa zenyewe kwa kawaida ni tatu: methotreksati ya dozi kubwa, doksorubisini na sisplatini. Ratiba nzima, pamoja na upasuaji katikati, ni wiki kama 29 isipokatika, na mara nyingi hukatika kidogo. Methotreksati hutolewa gramu 12 kwa kila mita mraba ya eneo la uso wa mwili, kiasi ambacho kingeua kama mtoto asingepewa dawa ya kumwokoa, likovorini, kuanzia saa 24 baada ya dripu kuanza. Katika siku hizo anapewa maji mengi, mkojo wake hupimwa usiwe na asidi, na kiwango cha dawa kwenye damu hupimwa kila siku hadi kishuke chini ya 0.1 mikromoli kwa lita. Kituo kisichoweza kupima kiwango hicho hakipaswi kutoa dozi hiyo. Kuna michanganyiko mingine inayotumika badala yake, ulizia. Na angalia sana dawa nyingine anazomeza: ibuprofeni, diklofenaki, aspirini, omeprazoli, kotrimoksazoli na dawa za jamii ya penisilini huweza kuizuia methotreksati isitoke mwilini. Dawa za mitishamba pia ziwekwe kando kipindi hiki, kwani figo na ini tayari vimebeba mzigo. Usimfiche daktari kama kuna kitu alishapewa.

Doksorubisini huchosha moyo, hivyo afanyiwe ekokadiografia, kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, kabla ya kuanza na mara kwa mara baadaye. Sisplatini huathiri masikio na figo. Kipimo cha kusikia kifanyike mapema, tena akilalamika mlio masikioni mseme siku hiyohiyo. Uliza pia kuhusu uwezo wake wa kuzaa baadaye, kabla dozi ya kwanza haijaingia. Swali hilo huonekana la mbali kwa mtoto wa miaka 12, lakini baada ya dawa kuanza huwa limechelewa. Kama majibu ni Ewing, njia inabadilika: dawa tano kwa zamu mbili, vinkristini, doksorubisini na siklofosfamidi kwanza, kisha ifosfamidi na etoposidi, kila baada ya wiki mbili damu ikiruhusu. Tena Ewing inasikia mionzi, kwa hiyo pale ambapo kisu hakifiki salama, mionzi inaweza kuchukua nafasi yake. Osteosakoma haisikii mionzi vizuri hivyo.

Baada ya upasuaji, mwanapatholojia huukata uvimbe vipande vipande na kuhesabu sehemu iliyokufa kwa dawa. Ikiwa 90% au zaidi, ni dalili njema. Ikiwa pungufu, utatamani dawa zibadilishwe. Jaribio kubwa la kimataifa liitwalo EURAMOS-1 lilijaribu kuwaongezea watoto hao ifosfamidi na etoposidi: sumu iliongezeka, uponyaji haukuongezeka. Daktari akisema "tunaendelea na zilezile", hajakata tamaa.

Mguu sasa. Kwenye vituo vyenye uzoefu, watoto wengi wenye uvimbe karibu na goti hubaki na mguu wao. Kipande cha mfupa kilichougua hutolewa na goti la chuma huwekwa, au hutumika mfupa uliochangwa, au mfupa mwembamba wa mguu wake mwenyewe. Mtoto mdogo anayehitaji kukua sana huweza kuwekewa chuma kinachorefushwa. Binti yako yuko pazuri kidogo kwa hilo: bamba la chini la paja huongeza karibu sentimita 1 kwa mwaka, na wasichana wengi huacha kurefuka miguu wakiwa na miaka 14 hivi. Bamba hilo likiondolewa sasa, upungufu ni kama sentimita 2 kwenye paja, na pengine kidogo zaidi ikiwa shina la chuma litapita kwenye bamba la muundi. Hilo hurekebishika. Mzigo wa chuma ni mwingine: hulegea, huchakaa, huweza kuingiwa na vijidudu miaka baadaye, na atafanyiwa upasuaji mwingine, pengine zaidi ya mmoja, maishani mwake. Kuruka na michezo ya kugongana haviendani nacho.

Kukata mguu bado kuna nafasi yake, pale uvimbe umeuzunguka mshipa mkubwa wa damu na neva, au ulipochafuliwa na upasuaji wa awali. Ipo pia njia ambayo picha yake huwashtua wazazi: sehemu yenye goti huondolewa, muundi hugeuzwa nyuma mbele na kuunganishwa na paja, na kifundo cha mguu kinafanya kazi ya goti ndani ya mguu bandia. Watoto waliofanyiwa hivyo hukimbia vizuri sana na mara nyingi hawahitaji kurudi kufanyiwa upasuaji mwingine. Usiikatae kabla hujamwona mtoto anayetembea nayo. Muhimu kuliko yote, kuubakiza mguu hakupunguzi nafasi ya kupona, mradi ukingo wa mkato uwe safi. Usipokuwa safi, mguu uliobaki haukuwa zawadi.

Nafasi yenyewe ni ipi? Kwa osteosakoma ya mguu ambayo haijaonekana kwingine, watoto 6 hadi 7 kati ya 10 huvuka miaka 5 wakiwa hai, wakipata dawa zote na upasuaji safi. Ikiwa imeonekana mapafuni tangu mwanzo ni 2 hadi 3 kati ya 10, na hata hapo vivimbe vya mapafu hutolewa kwa upasuaji, wala si mwisho wa tiba. Kuacha dawa katikati kwa sababu uvimbe umenywea na mtoto anacheka tena huiharibu nafasi hiyo. Kunywea kwa uvimbe hakumaanishi umekwisha.

Kuanzia leo mpatie magongo, asikanyage kwa mguu huo, asiruke ngazi. Mfupa ukivunjika, damu iliyojaa seli humwagika kwenye nyama zote za paja. Kwa maumivu apewe parasetamoli kwa vipimo vya uzito wake, kila baada ya saa 6, na kama haitoshi usiku mwambie daktari ampe yenye nguvu zaidi. Hakuna sababu ya mtoto kulia hadi asubuhi. Mkimbize hospitali bila kungoja rufaa akisikia mfupa umelia na maumivu yakazidi ghafla, mguu ukiwa baridi au wa ganzi, akishindwa kupumua, au akipata homa kali. Na dawa zikishaanza, joto la nyuzi 38 ni dharura hata saa nane usiku, kwa sababu kinga yake itakuwa chini.

Kwa daktari wa Alhamisi, nenda kwa heshima umwombe mambo mawili: barua ya rufaa, na eksirei yenyewe, iwe filamu au diski, si karatasi ya maelezo tu. Huko mnakokwenda uliza wameshatibu watoto wangapi wenye saratani ya mfupa mwaka uliopita, nani atachagua njia ya sindano, na kama ndiye atakayefanya upasuaji. Uliza kama daktari wa mifupa, wa saratani ya watoto, wa picha na mwanapatholojia hukaa meza moja kumjadili mtoto mmoja mmoja. Wanaofanya kazi hii vizuri hawachukizwi na maswali hayo.

Na binti yako mwambie. Ana miaka 12, anasikia mnavyonong'ona, na anachokiwaza huenda ni kikubwa kuliko kilichopo. Akiuliza kama mguu wake utakatwa, mjibu hivi hivi ilivyo: hatujui bado, kwanza watapiga picha, kisha watachukua kinyama kidogo ukiwa umelala, na kila tutakachoambiwa utaambiwa na wewe.